Bitobo Yenye Bibi Yangu Aliona

Weye mwenye kinywa inakuuma sawa vile ulimeza makaa, na bantu banakuangalia kwa jicho ya pembeni juu ya ile yenye inakutokea chini ya mukaba, hii maneno ni yako. Miye nilipita mule. Nilikasirika mule kuliko nilivyoumwa, na kuumwa niliumwa kabisa.

Sikusoma sana. Nilifika mwaka ya pili ya primeri, baba akakufa, nikaanza kushona biatu ya bantu pa mulango ya soko. Leo niko na atelie yangu pa Katuba, mutaa moja ya Lubumbashi, na hakuna muntu alinisaidia kuiweka, hata mumoja. Natengeneza biatu, masakoshi ya kubebea bintu, na zaidi mikaba. Mu hii muji bakubwa banafunga mukaba yangu chini ya abakosti, ile koti bila tai. Haionekani, ni kweli, lakini itoeni muone suruali ya serikali itaanguka namna gani.

Chombo yangu ya maana njo ile Bafransa banaita emporte-pièce. Ni chuma ya mudomo ya muviringo. Unaisimamisha juu ya ngozi, unapiga nyundo mara moja, kitobo inatoka safi, pembeni hakuna uzi hata moja. Mafundi bengine banatoboa na musumari ya moto. Mukaba yao unaijua mbali: kitobo iko na midomo kama ya muzee bila meno. Yangu hapana. Nasema hii sababu mbele utaona ile chombo ilinirudilia namna gani.

Ilianza mu mvua, wakati bamama banauzisha bowa, ule uyoga, pembeni ya barabara. Bibi yangu, Mama Ilunga, alipika bowa na karanga, nikaweka mutonge ya kwanza mu kinywa, nikaruka juu. Ulimi, mashavu ndani, chini ya mudomo: bidonda, myeupe katikati, na nyekundu kuzunguka.

"Ni pilipili yako," bibi akasema.

"Pilipili nakula toka tumbo ya mama yangu."

Bidonda bilipona. Kisha bikarudi. Bikapona, bikarudi tena, kama muntu mwenye hana aibu. Jirani yangu mumoja mwenye kutengeneza baiskeli akapata furaha kubwa. Kila asubui alikuwa anapiga kelele kutoka ngambo ya barabara: "Baba Ilunga! Nilikuambiaka! Kujisifu njo kunatoboa ulimi!" Na miye sikuweza kumujibu, juu kufungua kinywa ilikuwa kazi. Miye, mwenye Katuba yote inajua kinywa yangu! Nilikuwa namuonyesha nyundo tu.

Mbele ya baridi kufika, tumbo nayo ikaingia mu maneno. Ilikuwa inauma upande ya kuume, chini, sawa muntu anakamua nguo mule. Nilipoenda ku choo niliona damu. Nikakonda. Suruali ikaanza kushuka, nikachukua emporte-pièce yangu, nikatoboa kitobo mupya mu mukaba yangu mwenyewe. Kisha ile baridi yenyewe, na mavumbi yake, ikaleta bidonda bingine, fasi yenye sitaitaja hapa. Mwanaume mwenye alipata hii ugonjwa anajua. Nilikuwa natembea miguu mbali-mbali.

Nikaenda ku dispanseri moja, na bibi yangu. Tulikaa ku benshi toka jua ikiwa chini mpaka ikawa juu ya kichwa. Benshi ilijaa, batoto banalia, mama moja ananitapikia karibu na kiatu, kiatu yangu mwenyewe niliishona. Muganga akaniita ndani, akasema, "Sitwayen," vile balituita raia bote ile wakati, "vua." Nikavua. Aliangalia kidogo tu, hata hakuinama. Kisha akafungua mulango na kupigia mwenzake kelele mu kuluari, ile njia ya benshi:

"Lete penisilini! Sopisi ingine!"

Sopisi, kwetu pa Lubumbashi, ni ile ugonjwa muntu anabeba kwa banamuke ya nyumba ya pombe. Bantu bote ya benshi balisikia. Bibi yangu alisikia. Nilipotoka niliona anaangalia chini, anakunja pembe ya kitenge yake, anakunjua, anakunja.

"Mama Ilunga, ni bongo, ni uongo mutupu," nikasema. "Ile muganga hakuangalia hata."

"Twende," akasema.

Balinidunga sindano. Na hapa sikia vizuri, weye mwenye kusoma. Kila fasi sindano iliingia, kesho yake kijipu kilitoka, na kichwa ya usaha. Nikarudi kumuonyesha ule muganga. Akafurahi! "Unaona? Uchafu inaanza kutoka." Akanidunga tena. Jipu zikaongezeka. Nikamwambia, sindano yako njo inaniletea jipu. Akaniuliza kama nilisomea buganga. Nikamujibu nilisomea ngozi, na hii ni ngozi. Akanifukuza. Mambo yenye inanikasirisha mpaka leo ni hii: ile jipu ilikuwa alama. Dokta mukubwa, mwenye utamuona mbele, alinieleza: ngozi ya bantu ya hii ugonjwa haipendi sindano, hata kuichoma kidogo inavimba. Basi kama sindano inakuachia jipu, sema. Sema tena. Bakikufukuza, enda kusemea fasi ingine.

Ku nyumba maneno ikabadirika. Bibi yangu alikuwa ananipa chakula, ananipa maji ya kuoga, lakini alihamia mu chumba ya batoto. Siku moja alikuja mu atelie wakati niko peke yangu, akasimama pa mulango na mikono mu kiuno.

"Niambie tu jina yake."

"Jina ya nani?"

"Ya ule mwanamuke. Nikijua jina nitatulia."

"Hakuna mwanamuke."

"Baba Ilunga, weye unajisifia kila kintu. Biatu yako, mikaba yako, masakoshi yako. Sasa unataka niamini hii moja tu njo hukuifanya?"

Ona taabu yangu. Muntu mwenye kunyamaza, bantu banamuamini. Muntu mwenye kusema kazi yake bila kuogopa, siku anasema "siko na kosa" banacheka. Niliapa mbele yake. Niliapa na kichwa ya batoto. Akasema, "Acha batoto yangu," na akatoka.

Mvua ya kwanza ilipopiga, mama yake akafika kutoka kwao Mitwaba, na mufuko ya karanga, na jembe. Kwetu, muntu na mama mukwe yake habaangaliane usoni, habasemezane, habakule pamoja. Ni heshima. Yeye akaikala nyuma ya jikoni, kisogo yake iko ku ukuta, miye nikaikala mu salo, chumba ya bageni, madirisha wazi. Katikati akasimama Kalenga, ndugu mudogo ya bibi yangu, muntu wa kazi ku mashine ya mukuba, ile shaba yetu, na wa muchezo mingi. Yeye njo alibeba maneno.

"Shemeki," Kalenga akasema, "mama anasema hivi: mutoto yangu nilimupa muntu muzima."

"Muambie niko muzima. Ni kinywa tu inauma."

Kalenga akageuza kichwa, akarudilia. Sauti ya mama mukwe ikapita ukuta wazi kabisa:

"Muulize, ni kinywa njo inamufanya atembee sawa bata?"

Kalenga akakaza midomo juu ya kuzuia kicheko. "Shemeki, mama anauliza..."

"Nimesikia!"

"Hapana, shemeki. Usiseme umesikia. Huwezi kusikia mbele miye sijakuambia."

Na miye nijibu nini? Fundi mwenye kujua kusema, niliikala pale kama gunia. Kutaja ile fasi mbele ya mama mukwe, hata kupitia ukuta, hata kupitia Kalenga, ni sawa kuvua nguo mbele yake. Bidonda yote ningeweza kueleza, isipokuwa ile moja yenye alikuja kuuliza. Nilinyamaza. Na kunyamaza kwangu, bote babili balikuona ni kukubali.

Mama mukwe akasema neno yake ya mwisho. Alikuwa na mbegu ya mahindi mu kitambaa. Ataipanda pale nyuma ya jikoni. Kama ile mahindi inafika kuliwa mubichi, na hakuna muntu amejua hii ugonjwa ni nini, atarudi Mitwaba na mutoto yake na bajukuu.

Alilima siku ile ile. Nilisikia jembe.

Hivi njo niliishi ile mvua: na adui ya kijani nyuma ya nyumba. Ikatoka ardhini. Ikafika ku magoti. Kila asubui nilipoenda ku choo, naenda kiuno imekunjika, niliipita, na nilikuwa naiangalia kwa hasira. Mahindi ya bantu bengine ni kuliwa na panya, kukauka, kuanguka na upepo. Ile ya mama mukwe hapana! Yote inasimama sawa basoda benye kujipanga ku defile.

Muteja yangu mumoja, muntu wa biro mu senta ya muji, alisikia habari. Akanipeleka ku hopitali moja kubwa kwa dokta mwenye alisomea Bulaya, na alikuwa na mashini ya kuangalia tumbo kwa ndani. Ni tiyo ndefu, mupira ya kupinda, nyeusi, iko na taa ku mwisho, na ngambo ingine kioo kidogo ya kuweka jicho. Bagonjwa tulimuita Dokta ya Tiyo. Alikuwa muntu ya kwanza kuniuliza bintu yote pamoja. Kinywa? Ndiyo. Chini? Ndiyo. Macho inakuwaka nyekundu? Ndiyo, lakini nilifikiri ni moshi. Sindano? Nikamuonyesha alama ya jipu. Akaisugua na kidole, akaandika. Nilitaka kumukumbatia.

"Nataka kuona mule ndani," akasema. "Lakini balbu ya mashini imekufa. Tunangojea ingine."

Tukangojea. Nilikuwa narudi, naikala ku kuluari ya rangi ya buluu, narudishwa. Balbu haijafika. Kisha balbu imefika lakini haiko yake. Kisha iko yake, na siku ile umeme ikakatika mu hopitali nzima. Mu kuluari tulikuwa na muzee mumoja wa kikohozi, mwenye alinipa fasi ya mwisho wa benshi, karibu na choo, kila mara niliingia. Hakuniuliza kitu. Alikuwa anasimama tu na kusema, "Kuya, kaka, hapa ni karibu." Ule muzee simujui jina, lakini nilimutengenezea mukaba. Hakurudi kuichukua.

Mahindi ikatoa nywele. Nikatoboa kitobo ingine mu mukaba yangu.

Siku balbu ilikubali, balinikunywesha mafuta ya mbarika, bakanisafisha na maji kwa nyuma, jambo yenye sitaeleza, utaona weye mwenyewe, na haitakuua. Nikalala ubavu juu ya meza ya baridi, magoti ku kifua. Dokta akaingiza tiyo. Anasukuma hewa, tumbo inajaa kama mupira, anasema, "Pumua," miye napumua, anasema, "Usikaze," miye nakaza. Muda ikapita. Ghafula akaacha kusukuma. Akasema na mwenzake Kifransa, polepole, sawa muntu anasoma. Fransé yangu ni ya soko, lakini neno moja nilisikia: emporte-pièce.

Nikageuza kichwa. "Dokta! Nani alikuambia kazi yangu?"

"Kazi gani?"

"Emporte-pièce ni chombo yangu! Nani aliniwekea ile mu tumbo?"

Mu ile saa niliamini kabisa kama muntu alichukua chombo yangu, akaisemea maneno, akanitoboa nayo. Niliona sura ya ule wa baiskeli. Nilitaka kushuka pa meza na tiyo yote.

"Lala! Lala, baba!" Dokta alikuwa anacheka na kunishika bega. "Haiko bulozi, haiko uchawi. Ni vile tunasema siye badokta. Kidonda ingine inakuwaka ndefu, ingine pembeni imeraruka. Yako iko muviringo, inaingia ndani, pembeni safi, na nyama kuzunguka iko muzuri. Sawa muntu alipiga na ile chombo. Ni hivyo njo inanionyesha ugonjwa yako."

Akanitajia jina yake. Ni jina ya dokta mumoja wa Uturuki, siwezi kuiandika. Akasema ni ugonjwa ya adimu, mwili yenyewe njo inajiwakia moto: kinywa, chini, macho, tumbo. Haitoke kwa muntu kuingia kwa mwingine.

"Haitoke kwa mwanamuke?"

"Hapana."

"Basi muite bibi yangu. Iko mu kuluari. Aje aangalie."

"Baba, hapa haiko sinema."

"Dokta, miye nimelala hapa uchi, na tiyo mu matako, mbele ya bantu sibajui. Haya yangu imekwisha. Kule nyumbani mahindi imetoa nywele. Muite."

Sijui alielewa mahindi namna gani, lakini alimuita. Nilisikia malapa ya bibi yangu juu ya simenti. Hakuniangalia miye. Dokta akamuonyesha ile kioo, akamuambia afunge jicho moja. Akainama. Akakaa mule, akakaa, na miye nimelala naangalia ukuta, bantu bote banaona tumbo yangu isipokuwa mwenye tumbo.

"Ile ya muviringo?" akauliza.

"Njo hiyo. Na pale ingine. Ni ndugu ya ile ya kinywa. Na ile ya chini. Mama moja alibazaa bote."

Bibi yangu akatoa jicho ku kioo. Kisha akauliza kwa sauti ya kidogo, na nilimusikia:

"Na mwanamuke, dokta?"

"Mama," Dokta ya Tiyo akasema, "mwanamuke gani anaweza kufika hapa? Miye mwenyewe nimefika na taabu."

Muganga mwenye kushika tiyo alicheka mpaka tiyo ikatikisika, na miye nikapiga kelele. Mukono ikaja juu ya kichwa yangu. Haikuwa ya dokta.

Ku nyumba, Mama Ilunga alienda nyuma ya jikoni. Miye niliikala mu salo, madirisha wazi, na hii mara Kalenga hakuitwa. Sikusikia yote. Nilisikia, "Mama, niliona na macho yangu." Nilisikia mama mukwe anauliza, na bibi anajibu kwa Kiluba, upesi. Hakuna muntu aliniomba radhi. Ule mama hakutuma neno hata moja. Lakini mahindi ilipokomaa, alivunja ile ya kwanza, akaitwanga ingali mubichi, akapika uji nyepesi, bila chumvi, bila kintu ya kuchoma, akaiacha ipoe. Kalenga akanibebea.

"Mama anasema nini?" nikamuuliza.

"Hakusema kintu, shemeki. Alisema tu isiwe moto."

Niliikunywa yote. Ilikuwa chakula ya kwanza mu wiki nyingi yenye haikuniumiza. Kisha mama mukwe akabeba jembe yake, akarudi Mitwaba, peke yake.

Usifikiri imekwisha pale. Dawa balinipa, vidonge ya kotizoni, na ingine ya uchungu sana. Damu ikakatika, lakini uso ikavimba, ikakuwa muviringo kama sahani. Nilikuwa na njaa ya kula meza. Bantu ya Katuba, benye balisemaka ninakufa na sopisi, sasa banasema nimenona juu ya mali ya kuiba. Ule wa baiskeli akaniita Sitwayen Dirishen, sawa miye ni mukubwa wa serikali. Nikajua kwa bantu hakuna dawa. Bidonda binarudi mpaka leo, mara kwa mara, zaidi wakati ya baridi. Napunguza vidonge wakati dokta anasema, siyo wakati miye nachoka navyo. Nilijaribu kuviacha peke yangu mara moja, na tumbo ilinifundisha. Hakuna kupona kabisa, kuko kukaa nayo. Hii inanikasirisha, na sitakudanganya kama imeacha kunikasirisha. Lakini kama uko na bibi, ao bwana, mwambie aingie nawe mule ndani kwa dokta. Usimuache mu kuluari na kelele ya bantu.

Siku moja, wakati mukaba yangu ilikuwa inarudi ku bitobo yake ya zamani, Mama Ilunga alikuja mu atelie kuniletea chakula. Nilikuwa natoboa mukaba ya mukubwa moja. Nikamuuliza jambo yenye ilinisumbua toka ile siku, sababu miye, mwenye tumbo, sikuionaka.

"Bilikuwa namna gani, bile bitobo?"

Akaweka sahani chini. Akachukua mukaba mu mukono yangu, akaiinua ku jua, akafunga jicho moja vile dokta alimufundisha, akachungulia mu kitobo nilikuwa nimemaliza kupiga.

"Bya mule ndani bilikuwa safi kupita hii," akasema. "Mwenye alibitoboa anajua kazi."

"Chuma imechoka tu!" nikapiga kelele. "Inataka kunolewa!"

Alienda akicheka, nilimusikia mpaka ku kona ya barabara. Sikukula. Nilichukua jiwe, nikanoa ile emporte-pièce mpaka jua ikashuka.